Kaduka ka kahawa ya kukaanga karibu na stesheni ya Moshi: bei imepandishwa mara mbili na bado nanunua

Nimekuwa mteja wa hapa karibu miaka minne, nanunua robo kilo kila wiki mbili na nikiwa na wageni naongeza, kwa hiyo nachoandika sio cha kupita siku moja. Duka lenyewe dogo, mlango mmoja, upande wa stesheni ya reli Moshi mjini, ukitokea soko la kati kwa mguu ni dakika kumi hivi kama huna haraka. Bango hamna. Kuna kikaratasi tu kimebandikwa kwenye kioo, KAHAWA INAKAANGWA HAPA, ila hata usipokiona pua itakufikisha, maana siku za kukaanga, Jumanne na Ijumaa, harufu inakupokea ukiwa bado ng'ambo ya barabara.

Kahawa kwanza. Ni kahawa aina ya arabika ya Old Moshi, dada mwenye duka anaipata kupitia chama cha msingi cha ushirika cha huko huko, na anakaanga mbele yako. Mashine yake ni ya kilo tano, pipa la chuma linazunguka juu ya moto wa gesi, ubavuni kuna kijiko kirefu anakichomoa, ananusa, anarudisha. Buni inaingia ya kijani, baadae inakuwa njano na inatoa harufu kama mahindi mabichi yanayochomwa, halafu kuna dakika kila mtu dukani ananyamaza kwa sababu dada ametega sikio, anasubiri zianze kupasuka, ta, ta, tata, kama bisi ila kwa sauti ya chini zaidi. Zikishapasuka hana muda na wewe hata kama una noti mkononi. Anazimwaga kwenye sinia lenye feni chini, anazikoroga na ubao mpaka zipoe, ndo anakugeukia, haya kaka karibu. Mi nachukua ya kati, sio nyeusi tii. Ukiinywa bila maziwa ina uchachu kidogo wa ndimu mwanzoni, halafu unabaki utamu kama wa sukari guru nyuma ya ulimi. Sijapata kahawa nyingine hapa mjini inayonipa hivyo.

Sasa bei, ndo kitu watu wanalalamikia na mi mwenyewe nililalamika. 2023 robo kilo ilikuwa 8,000, ikaenda 10,000, sasa hivi ni 13,000. Mara ya pili ilipopanda nilichukia kweli, nikamwambia dada hii kahawa inatoka hapo juu tu, siku mawingu yakiondoka ukisimama mlangoni kwako unauona mlima inakolimwa, haijapanda meli, haijalipiwa ushuru wa bandari, mbona unatufanyia hivi. Hakukasirika. Akaniambia, kaka yangu, bei yangu haitoki Old Moshi, inatoka New York. Akanionyesha kwenye simu yake, Februari 2025 hiyo, bei ya arabika kwenye soko la huko ilikuwa imevuka dola 4 kwa ratili moja, karibu nusu kilo, haijawahi kufika huko. Brazil walipata ukame, Vietnam nao walikuwa wamepata wao, na hao wawili ndo wa kwanza na wa pili kwa kuzalisha kahawa duniani, kwa hiyo wakikohoa wao wanunuzi wote wanakimbilia kahawa iliyobaki, na iliyobaki ndo hii ya kwetu pamoja na wengine wadogo wadogo. Sisi Tanzania hatufiki hata asilimia 1 ya kahawa ya dunia. Hatuna uwezo wa kupandisha bei wala kuishusha, tunaamka asubuhi tunaikuta imeshapangwa.

Nilirudi nyumbani nikampigia baba mdogo Kibosho, nikitegemea ataniunga mkono kwamba bei ni kubwa mno. Akanijibu, iache ipande mwanangu, unajua sisi tumekula hasara miaka mingapi. Hapo ndo nikaanza kuifikiria hii kitu vizuri.

Babu yangu alikuwa na kihamba Kibosho, yani shamba la ukoo la nyumbani, kahawa chini ya migomba kama kila mtu, na nyumba yake ya tofali ilimalizika 1978. Pesa ya mabati yake ilitoka Brazil, na sisemi kwa mafumbo. Julai 1975 baridi ya kugandisha iliingia usiku kwenye jimbo la Paraná, jalidi ikaunguza mashamba ya kahawa ya huko karibu yote, na mbuni sio mchicha, ukipanda leo unasubiri miaka 3 mpaka 4 ndo uanze kuvuna, kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyeweza kuziba lile pengo haraka. Mahitaji yale yale, watu wa Ulaya na Marekani wanataka kikombe chao cha asubuhi kama kawaida, mzigo hamna. 1977 bei ikavuka dola 3 kwa ratili, kwa pesa ya enzi hizo. Kule mpakani mwa Uganda na Kenya watu walikuwa wanavusha kahawa ya magendo usiku, ndo soko la Chepkube lilipopatia jina, kwa sababu Uganda ya Amin bei ya mkulima ilikuwa hovyo na upande wa Kenya mkulima alikuwa anaachiwa sehemu kubwa ya ile bei ya dunia.

Na huku kwetu? Huku mkulima alipata, babu alipata mabati, ila hakupata kama jirani wa Kenya. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa 1976, KNCU ya wakulima wa Kilimanjaro iliyoanza 1933 ikiwemo, katikati kabisa ya neema, na mwaka uliofuata kahawa ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali. Sehemu kubwa ya ile bei ikaishia kwenye ushuru na gharama za hayo mashirika. Bibi mpaka leo anaongelea ile miaka kwa uchungu, anasema kahawa ilikuwa dhahabu na sisi tulishika maganda.

Ila niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana kipindi kile kahawa ndo ilikuwa inaongoza kuiingizia nchi pesa za kigeni. Mafuta, dawa za hospitali, spea za viwanda, vyote vilisubiri dola za kahawa na pamba na katani. Bei ya kahawa ilipoanza kushuka, ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, na mwaka huo huo wa 1979 mafuta yakapanda, nchi ikabaki haina dola. Wanaokumbuka watakwambia, foleni za sukari, sabuni hamna, bibi anasema walifulia majani ya mipapai. Viwanda vilikuwepo na wafanyakazi wapo ila mashine imesimama kwa kukosa kispea kimoja cha kutoka nje. Mtu akikwambia uchumi wa nchi umekua au umedumaa muulize kwanza dola ilitoka wapi mwaka huo, maana unaweza kuwa na mikono, ardhi na mvua na bado usiende popote kwa sababu ya mkanda wa mashine.

Na hapa narudi dukani, kwa sababu hiyo hiyo ndo kasoro yangu kubwa kwao. 2023, ule mwaka dola ziliadimika nchini, mashine yao ya kukaangia iliharibika kitu cha kuwashia moto, kifaa cha kuagiza Uturuki, na duka likafungwa wiki tatu. Hawakumtaarifu mtu. Mi nilitoka Kiboriloni na bodaboda mara mbili nakuta kufuli, hakuna hata karatasi mlangoni ya kusema tunarudi lini, na namba yangu ya simu wanayo kwenye daftari lao. Hilo halikunifurahisha na nilimwambia dada uso kwa uso. Akanieleza alikuwa anazunguka benki anatafuta dola za kumlipa fundi wa nje, kila anakokwenda anaambiwa njoo wiki ijayo, na alivyorudisha moto tu mgao wa umeme ukamkuta, pipa linazunguka kwa umeme, ukikatika katikati ya kukaanga kilo tano zote zinaungulia humo. Nimemwelewa, ila ujumbe mmoja kwa wateja hauhitaji dola. Kasoro nyingine ni mifuko. Ile mizuri yenye kitundu cha kupumulia inatoka China kwa kontena, ikiisha wanakufungia kwenye khaki ya kawaida kwa bei ile ile, na kwenye khaki kahawa haifiki wiki mbili, siku ya nane harufu imeshakimbia. Siku hizo ningependa wapunguze japo 500, au wamwambie mtu aje na chombo chake. Mi nakwenda na kopo la bati sasa.

Kuna kipindi dunia ilijaribu kuizuia hii kahawa isipande na kushuka kama homa, na wazee wa Moshi waliofanya kazi za ushirika wanakikumbuka vizuri, wanakiita enzi za kwota. 1962 nchi zinazolima na nchi zinazokunywa zilikaa New York zikasaini mkataba, kila nchi inayolima ikapewa kiasi chake cha kuuza, ukizidisha unaweka stoo, na makao yakawa London. Lengo ni mzigo usifurike sokoni. Ilifanya kazi kwa kiasi, bei ikipanda sana kwota zinaachiwa, ikishuka zinarudishwa. Lakini angalia ilikuwa na nini ndani yake. Kwanza ilitegemea wanunuzi wakubali, na Marekani walikubali muda ule kwa sababu hawakutaka nchi za Amerika ya Kusini ziende upande wa Wakomunisti. Pili nchi yenye kahawa nzuri inayotafutwa inabanwa na kwota ile ile ya zamani, mzigo uliozidi ulikuwa unauzwa kwa bei ya kutupa kwa nchi zisizo kwenye mkataba. Wanunuzi wakaanza kusema wanauziwa wasichokitaka na jirani anauziwa nusu bei. Tarehe 4 Julai 1989 kwota zikafa, stoo zote za dunia zikafunguka kwa mpigo, na bei ikaporomoka karibu nusu ndani ya miezi michache. Halafu Vietnam, ambao miaka ya 80 walikuwa karibu hawapo kwenye ramani ya kahawa, wakapanda na kupanda mpaka kufikia mwaka 2000 hivi wako namba mbili. 2001 arabika ilifika chini ya senti 50 za dola kwa ratili.

Hiyo senti 50 mi nimeiona kwa macho, sio kwenye simu. 2002 baba mdogo aling'oa safu mbili za mibuni ya babu, babu akiwa hai, amekaa kwenye kigoda anatazama. Hakusema kitu. Mibuni ikakatwa kuni, pakapandwa nyasi za ng'ombe na migomba ya kuuza, kwa sababu lita ya maziwa ilikuwa inalipa kila jioni na kahawa ilikuwa haifikii hata gharama ya dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Wengi walifanya hivyo huko juu, wengine nyanya, wengine viwanja.

Na kuna kizuizi kingine cha zamani zaidi ambacho huwa hatukisemi. Kahawa ilipandwa na wamisionari Kilema 1898, na miaka ya 1920 walowezi wa Kizungu hawakutaka Mwafrika alime arabika. Kenya walifanikiwa, Waafrika wakabanwa miaka mingi. Kilimanjaro hapakufungwa, mkuu wa wilaya wa wakati huo, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wapande, na wakulima wakajiunga mapema kulinda zao lao. Shule ngapi za huu mlima zimesimama kwa sababu hiyo tu, kwamba hatukuzuiwa. Mkulima akizuiwa asilime anabaki maskini, na soko zima likiachwa bila kizuizi bei inamfukuza shambani, yote mawili yametokea, moja ng'ambo ya mpaka na jingine kwenye kihamba cha babu yangu.

Kwa hiyo nikishika pakiti ya 13,000 naiangalia tofauti na zamani. Nilikaa na dada tukapiga hesabu kwenye nyuma ya risiti. Dola 4 kwa ratili ni kama dola 8 na senti 80 kwa kilo, yani zaidi ya shilingi 22,000 kwa kilo ya kahawa mbichi huko New York, na mkulima hapati yote hiyo, kuna usafiri, kukoboa, makato ya chama, mnunuzi. Kilo hiyo moja ikikaangwa hapa inapungua uzito inabaki gramu 800 na kidogo, ambazo ni pakiti tatu na ushee, zaidi ya 40,000. Ile tofauti ikienda kwenye meli inaliwa Hamburg au Tokyo, Wajapani wanaipenda sana kahawa yetu na wanaiuza kwa jina la Kilimanjaro. Ikibaki hapa inamlipa kijana anayefunga mifuko, kodi ya fremu, gesi, na mama anayechambua buni pale nyuma kwenye ungo, anatoa zilizopasuka na nyeusi moja moja kwa vidole. Nimemwangalia huyo mama nusu saa nzima, mkono hausimami.

Kingine nilichokielewa hapa ni kuhusu sisi wanywaji. Ethiopia karibu nusu ya kahawa yao wanainywa wenyewe, na Brazil ni wa pili duniani kwa kunywa baada ya Marekani, kwa hiyo bei ya nje ikianguka wao wana mteja wa nyumbani wa kumshikilia mkulima kidogo. Sisi tunakunywa sehemu ndogo mno. Ukiacha kahawa ya birika na kashata za wazee jioni, ukipita nyumba kumi Kibosho asubuhi kumi zote ni chai ya maziwa, na nyingi kati ya hizo nyumba zimezungukwa na mibuni. Wateja wa hili duka sio watalii wa mlimani peke yao, nimeona walimu, madereva, wanafunzi wa Chuo cha Ushirika wanachanga wawili wawili wananunua robo moja. Kikombe cha hapo hapo ni 3,000, kizito, kimepimwa, na viti ni vinne tu kwa hiyo mkiwa kundi mtasimama.

Agosti 2025 Marekani walipoipiga Brazil ushuru wa asilimia 50 nilijua bei itatikisika tena na ikatikisika, Novemba wakautoa kwenye kahawa. Dada hakupandisha safari ile. Alisema alikuwa na mzigo wa bei ya zamani stoo na hakuona sababu ya kutuchaji bei ya kitu ambacho hakukinunua. Hilo ndo lililonifanya niandike haya yote, kwa sababu kuna maduka hapa mjini yalipandisha wiki ile ile na stoo zao zimejaa.

Mambo ya haraka haraka: wanafungua saa 3 asubuhi mpaka 11 jioni, Jumapili wamefunga, lipa namba ipo, wanakusagia bure ila nashauri uchukue buni nzima kama una kinu nyumbani. Omba ya Jumanne, huwa ndo siku dada mwenyewe anakaanga, Ijumaa anamwachia kijana na kijana bado anaiacha inapitiliza kidogo. Arusha wanatuma kwa Koasta, unalipia nauli ya mzigo mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimpelekea baba mdogo robo moja. Pale aling'oa 2002 amerudishia miche, ile iliyoboreshwa ya kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungo inayovumilia chulebuni na kutu ya majani, bado iko chini ya goti. Nikamchemshia mwenyewe jikoni kwake, bila maziwa, akanywa taratibu, akaomba kingine. Miaka sitini na mbili na hakuwahi kunywa kahawa ya huu mlima ikiwa imekaangwa vizuri, alikuwa anaiuza tu ikiwa na maganda. Akaniuliza hii wanauzaje, nikamwambia, robo 13,000. Akashika ile pakiti akaigeuza nyuma na mbele, akakaa kimya, halafu akasema Jumanne utanipeleka nikamwone huyo dada.